AROSTO IFUNDISHWE DARASANI

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaotaka kuuzungumzia ni dawa za kulevya katika kisiwa chetu cha Mombasa, na hasa vile sisi wanafunzi tunavyofundishwa jambo hili. Huletwa mgeni, akasimama mbele ya gwaride, akatwambia, "Dawa za kulevya zinaua!" Tunapiga makofi, tunarudi darasani. Je, tumefunzwa nini?

Kwa maoni yangu, twaambiwa mwisho wa safari, njia hatuonyeshwi. Kijana wa Kibokoni au Makadara hana haja ya kuambiwa kwamba unga ni mbaya. Mateja awaona kwa macho yake. Asilolijua ni kuwa kila teja alianza akiwa mzima, akajiambia, "Mimi nitaonja tu, nikitaka nitaacha."

Hebu tuitazame njia yenyewe. Ubongo wa binadamu hujitengenezea dawa zake za kutuliza maumivu. Heroini, ambayo sisi twaiita unga, huingia mahali pa dawa hizo ikafanya kazi kwa nguvu kupita kiasi. Mwanzo mtu huona raha. Wengine huanza kwa kuchanganyiwa ndani ya msokoto wa bangi. Akirudia siku baada ya siku, mwili wazoea; kete moja haimtoshi tena, ataka mbili. Mwishowe mwili hauwezi kukaa sawa bila unga. Akiukosa kwa saa 8 hadi 24 hivi, arosto yaingia: miayo, kamasi, jasho, tumbo kukata na kuendesha, mifupa kuuma, usingizi kuruka. Hapo raha ilishakwisha zamani. Teja huvuta apate nafuu, si apate starehe.

Ushahidi tunao hapa hapa Pwani. Mwishoni mwa mwaka 2010 hadi mapema 2011 unga uliadimika. Lau uteja ungekuwa ukaidi mtupu, mateja wangeacha kimya kimya, mambo yakaisha. Wapi! Waliugua arosto, na baadhi yao wakakimbilia vidonge na pombe wapate kujituliza.

Kuna wazee watakaosema kwamba kutueleza haya ni kutufungua macho. Kwa heshima zote, nawajibu kuwa macho yetu yalishafunguliwa maskani, na huko mwalimu ni yule yule anayeuza. Afadhali tufunguliwe na mwalimu wa bayolojia, aandike ubaoni neno moja moja: kuonja, kuzoea, kuongeza, arosto. Kisha aje mtu aliyepona atueleze.

Tufunzwe pia kuwa dawa ya uteja si matusi wala kupigwa. Makali ya arosto hupungua kwa muda wa wiki moja hivi, lakini hamu yaweza kubaki miezi na miaka. Na aliyeacha, akirudia kipimo chake cha zamani, huenda akafa, kwani mwili umeshasahau. Ndiyo maana matibabu ni ya muda mrefu. Kenya ilianza kutoa methadoni mwezi wa Desemba 2014 mjini Nairobi, ikafuata Malindi mwaka 2015, na baadaye Kisauni hapa Mombasa. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku, ikamzuilia arosto, akaweza kufanya kazi na kukaa na watu wake. MEWA na Reachout Centre Trust nao wamewashughulikia vijana wetu hapa mjini kwa miaka mingi.

Wanafunzi wenzangu, rafiki akikwambia "onja mara moja tu," usimjibu kwa kuwa uliogopeshwa. Mjibu kwa kuwa wajua kete ya pili yatoka wapi. Na walimu wetu, tafadhalini, tufunzeni mapema. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa unga hufunza kwa arosto.