Umenunua programu au umepangishwa? Hesabu ya AutoCAD na wenzake

Wadau, leo tuiache siasa ipumzike kidogo. Kuna jambo linawakaba wachora ramani, wahandisi vijana na mafundi wa karakana, na magazeti yetu hayaligusi kwa sababu halina picha ya waziri akikata utepe. Nalo ni bei ya programu za kuchorea kwa kompyuta. Vijana wananiandikia kila mara: "Kaka, AutoCAD halali ni shilingi ngapi, na nikishindwa nitumie nini?" Swali ni fupi lakini jibu lina mzunguko, maana wengi wetu tunalinganisha bei na uwezo tu, tunasahau kitu cha tatu ambacho ndicho hasa kinachotufunga. Nitafika huko.

Tuanze na fedha. AutoCAD ya kampuni ya Autodesk ya Marekani iliingia sokoni mwaka 1982 kwa kama dola 1,000. Kwa zaidi ya miaka 30 biashara ilikuwa ile tunayoijua Kariakoo: unatoa hela, unapewa mzigo wako, unaondoka. Kufikia 2015 leseni ya kudumu ilikuwa imepita dola 4,000 kwa kompyuta moja. Ghali, ndiyo. Lakini ofisi ikijikakamua ikainunua, ilichora nayo miaka minane, hata kumi, bila kudaiwa senti. Tarehe 31 Januari 2016 mlango huo ukafungwa. Tangu hapo hununui, unakodi. Leo AutoCAD kamili ni kama dola 2,000 kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Revit, inayopendwa na ofisi kubwa za wasanifu, inakaribia dola 3,000. AutoCAD LT, ndugu yao mdogo, ni kama dola 500.

Kodi ya miaka miwili ya AutoCAD, basi, inafikia bei ya kununua ya 2015. Na kama mwenye nyumba wa Sinza, huyu naye anataka chake mapema. Unaweza kulipa mwezi mwezi, lakini hapo ni zaidi ya dola 200 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka ukiisha umelipa zaidi kuliko aliyelipa kwa mkupuo. Mwaka 2021 wakaleta mtindo mwingine wa kununua tokeni, sawasawa na LUKU. Tokeni 100 dola 300, AutoCAD inakula 7 kwa kila siku uliyoifungua, hata kama umeifungua kusahihisha neno moja. Hizo ni siku 14 za kazi, na zilizobaki mwaka ukipita zinakufa. Kwa mtu anayechora mara moja moja mtindo huu una nafuu. Kwa anayechora kila siku ni hasara tupu.

Sasa igeuze hiyo dola iwe shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Dola 2,000 zilezile zikatoka milioni 4.6 zikafika milioni 5.2, na mwenye programu hajapandisha chochote! Juu yake weka VAT ya asilimia 18, maana tangu Julai 2022 sheria yetu ya fedha inawataka hata wauzaji wa huduma za mtandaoni walioko nje waitoze. Hapo umefika milioni 6 na ushee. Kampuni kubwa iliyosajiliwa VAT inaweza kuidai ile asilimia 18. Ofisi ya watu wawili isiyosajiliwa inaimeza yote. Piga hesabu mwenyewe ni ramani ngapi za nyumba za kuishi uchore kabla hujaanza kulipa pango la ofisi, umeme na wino wa plota.

Msidhani ni sisi maskini tu tunaolalamika. Julai 2020 ofisi 17 za usanifu, nyingi zikiwa za Uingereza, na miongoni mwao Zaha Hadid Architects na Grimshaw, ziliandika barua ya wazi kwa mkuu wa Autodesk, Andrew Anagnost. Walisema gharama zao zimepanda hadi asilimia 70 katika miaka mitano iliyoishia 2019, huku Revit yenyewe ikiboreshwa kwa mwendo wa kinyonga. Hao ni watu wanaojenga viwanja vya ndege. Kama wao wanaguna, kijana wa Mbagala afanyeje?

Wala Autodesk si peke yake. SketchUp, ambayo wengi wetu tuliizoea ilipokuwa ya Google na ina toleo la bure la kuweka kwenye kompyuta, iliuzwa kwa Trimble mwaka 2012. Toleo lile la bure likakoma na la 2017, na Novemba 2020 leseni za kudumu nazo zikafika mwisho. Mwaka huohuo Autodesk ikapunguza uhuru wa watumiaji wa bure wa Fusion 360. Wakaambiwa wabaki na michoro 10 tu inayoharirika kwa wakati mmoja. Walitaka hata kuwanyima kutoa faili za STEP, zile zinazosomwa na programu nyingine, mpaka kelele zilipokuwa nyingi wakarudi nyuma kwa hilo moja. Hapo ndipo nilipojifunza kutofautisha cha bure na kilicho huru. Cha bure mwenyewe anaweza kukichukua kesho asubuhi.

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo kila mchora ramani angepaswa kuijua. Bwana mmoja aitwaye Timothy Vernor alipata kopi halali za AutoCAD Release 14 kutoka ofisi ya wasanifu, akaziuza eBay kama mtu anavyouza kitabu alichokwisha kukisoma. Autodesk wakamkatalia. Mahakama ya chini ikampa Vernor haki mwaka 2008, lakini Septemba 2010 mahakama ya rufaa ikapindua: aliyelipia programu ile hakuwa mmiliki, alipewa ruhusa tu ya kuitumia, na ruhusa haiuzwi eBay. Tazama mwaka wenyewe, jamani. Upangaji ulikuwepo kwenye karatasi tangu siku zile tulipodhani tunanunua. Mwaka 2016 walichofanya ni kuanza kukusanya kodi kila mwaka.

Haya, tuje kwenye uwezo. Hapa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi. Ofisi nyingi ndogo hapa kwetu zinalilia programu ambayo hazitumii hata robo yake. Ramani ya nyumba ya vyumba vitatu ni mistari: mpango wa sakafu, sura za pande nne, mkato, paa, msingi, mfumo wa maji taka. Mwisho wa safari inachapwa kwenye karatasi, inagongwa muhuri, inapelekwa halmashauri kuombewa kibali. Kwa kazi hiyo AutoCAD LT inatosha na inabaki. Haina uchoraji wa umbo la pande tatu, hilo ndilo pengo lake kubwa, lakini tangu toleo la 2024 imepewa hata AutoLISP, ule ufundi wa kuandika amri zako mwenyewe ambao zamani walibanwa nao. Tofauti kati ya LT na kubwa yake ni dola 1,500 kwa mwaka. Kabla hujaitoa, jiulize mara ya mwisho ulichora lini kitu cha pande tatu ndani ya AutoCAD. Wengi picha ile ya kumfurahisha mteja wanaitengenezea kwingine kabisa.

Revit ni mnyama mwingine. Humo huchori mistari, unajenga jengo zima ndani ya kompyuta. Ukihamisha mlango, unahama kwenye mpango, kwenye mkato na kwenye orodha ya milango kwa pamoja. Kwa hospitali ya ghorofa sita yenye wahandisi wa nguzo, umeme na mabomba wanaofanya kazi pamoja, hiyo ni hela iliyokwenda mahali pake. Kwa nyumba ya Kigamboni ni kukodi lori kubebea ndoo ya maji.

Upande wa zilizo huru, mambo yamebadilika kuliko wengi wanavyojua. FreeCAD ilianza 2002, na kwa miaka mingi ilikuwa ya watu wenye subira ya Ayubu. Ulikuwa ukibadilisha kipimo kimoja mwanzoni, sehemu zilizojengwa juu yake zinavunjika, kwa sababu programu ilikuwa inasahau uso upi ni upi. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 likiwa limepunguza sana ugonjwa huo, na ndani yake kuna sehemu ya kuunganisha vipande vya mashine na sehemu ya kujengea majengo. Kwa fundi wa karakana anayetengeneza vipuri na mashine za kusaga, leo sioni sababu ya kumshauri aanze na kitu cha kukodi. LibreCAD ni ya mistari tu, nyepesi, inakwenda hata kwenye kompyuta ya zamani, ila ina tabu na faili za DWG na mpangilio wa kurasa za kuchapia. QCAD Professional inauzwa mara moja kwa bei isiyofika dola 100 na inasoma DWG. Halafu ziko zile zinazofanana na AutoCAD kwa sura na amri, kama BricsCAD ya Ubelgiji na ZWCAD ya China. Mchoraji wa AutoCAD akikaa mbele yake, baada ya siku mbili anachora kama yuko kwao.

Sasa kile kitu cha tatu nilichoahidi. Kama nafuu zipo, kwa nini hatuhami? Mfungaji ni DWG, faili lenyewe. Kila ofisi inatuma DWG, kila mhandisi anadai DWG, na muundo wake wa ndani ni wa Autodesk. Ilibidi mwaka 1998 kampuni nyingine ziungane, ndiyo leo Open Design Alliance, kuuchambua kwa kubahatisha kutoka nje ili programu zao ziweze kuusoma. Mwaka 2006 Autodesk iliwashtaki, wakapatana 2007. Na mwaka 2020, msicheke, Autodesk yenyewe ikajiunga na umoja huohuo. Kwa hiyo hali si mbaya kama zamani, lakini ukituma ramani kutoka kwenye programu nyingine bado kuna herufi zitakazogeuka, vipande janja vya madirisha vitakavyoganda, na unene wa mistari utakaopotea. Mhandisi akiona hivyo hasemi faili lina tatizo. Anasema wewe hujui kazi. Hiyo ndiyo kodi halisi, na haimo kwenye orodha ya bei ya mtu yeyote.

Ndiyo maana wengi wanaishia kwenye kopi ya flashi, ile iliyokrakiwa. Sitajifanya mtakatifu wa kuwahubiria, kila mtu anajua hali. Naomba tu wasidhani ni ya bure. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na siku ofisi ikikua ikaanza kuomba zabuni za wafadhili, swali la leseni linaweza kuulizwa mezani mbele ya watu. Halafu kuna wadudu. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilimgundua mmoja aliyeitwa ACAD/Medre.A, aliyeandikwa kwa AutoLISP hiyohiyo. Alikuwa akisafiri pamoja na mafaili ya michoro na kuituma kimyakimya kwa barua pepe kwenda China. Waathirika wengi walikuwa Peru, na michoro iliyoibwa ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Anayepokea flashi ya kila mtu na kuzima antivirasi ili kraki ikubali, anamfungulia mdudu wa namna hiyo mlango wa mbele.

Vyuo navyo vina mkono. Autodesk inawapa wanafunzi programu zake bure, na siwalaumu, ni wafanyabiashara wanaojua wanachopanda. Kijana anasoma miaka minne au mitano kwa kitu kimoja, anahitimu, ruhusa ya mwanafunzi inakatika, anabaki na ujuzi ambao kuutumia kihalali ni milioni 6 kwa mwaka. Zamani michoro ya toleo la wanafunzi ilichapwa na maandishi pembeni yanayokutangaza kwamba ni ya masomo. Nimeona vijana wakikata karatasi kwa mkasi kuyaondoa. Chuo kingeweza kufundisha AutoCAD na FreeCAD sambamba, mwanafunzi akatoka anajua kuchora badala ya kujua kitufe kiko wapi.

Na wanaopokea ramani, yaani halmashauri, mashirika ya umma na washauri wa miradi, wana nguvu kuliko wanavyodhani. Wanaotaka kusoma na kuhifadhi tu, PDF inatosha. Wanaotaka kupima mistari, DXF ipo, na maelezo yake Autodesk wenyewe huyachapisha. Kwa majengo makubwa kuna IFC, ambayo ni kiwango cha kimataifa, ISO 16739, na FreeCAD, Revit na Blender ikiwa na nyongeza ya Bonsai zote zinaifahamu. Mstari mmoja kwenye masharti ya zabuni, usemao "DXF au IFC inakubalika", ungewapa ofisi ndogo nafuu ambayo hakuna punguzo la bei litakaloifikia.

Mimi kwa anayeanza leo na mtaji mdogo ningesema hivi: QCAD au mojawapo ya zile za leseni ya kudumu kwa ramani za kila siku, FreeCAD kwa mazoezi ya usiku, na kila kazi ikikamilika hifadhi nakala ya DXF na PDF pembeni ya DWG. Kazi kubwa ikija inayodai Revit, ikodi kwa mwezi huo na gharama yake iandike waziwazi kwenye ankara ya mteja.

Wenye ofisi Arusha, Mwanza na Mbeya, na mlioko Nairobi, hebu semeni mnatumia nini. Ningependa hasa kumsikia aliyewahi kupeleka DXF kwenye zabuni ya serikali. Ilipokelewa au ilirudishwa?