Matanga ya Papa Wemba Yasiishie Kwenye Nyimbo Tatu

Mwanamuziki Mkongo Papa Wemba alianguka jukwaani mjini Abidjan alfajiri ya tarehe 24 Aprili 2016, katika tamasha la FEMUA, huku kamera zikirusha onyesho hilo moja kwa moja. Kipande cha video kinachoonyesha wachezaji wake wakiendelea kucheza kwa muda kabla ya kutambua kilichotokea nyuma yao kikasambaa kutoka simu hadi simu. Akarudishwa Kinshasa, mwili ukawekwa kwenye jengo la bunge ili umati umuage, akazikwa tarehe 4 Mei. Tangu hapo, mtu ambaye hakuwahi kusikia hata santuri yake moja anaweza kukueleza alivyokufa. Huo ndio msiba wa pili unaowapata wanamuziki wa zama zetu: kifo chao hujulikana kuliko kazi yao. Dawa yake ni moja, nayo iko mikononi mwa mashabiki. Anayempenda mwanamuziki aliyefariki anapaswa kumlilia kwa kuisikiliza kazi yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho, akijua kila wimbo ulirekodiwa lini, na bendi gani, na nani aliyeutunga. Wakazi wa Lodwar na Kakuma, katika kaunti ya Turkana, wana sababu zaidi za kuifanya kazi hiyo kuliko watu wa miji mingi ya Kenya.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kupokea vijana waliokimbia vita nchini Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, inahifadhi watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Burundi, Ethiopia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kwingineko. Wakongo wengi wa Kakuma wametoka mashariki mwa nchi yao, ambako lugha ya soko na ya mtaa ni Kiswahili. Kilingala alichoimbia Papa Wemba ni lugha ya Kinshasa, ya jeshi na ya muziki, na wengi wao waliijua kupitia redio kabla ya kukutana na mtu anayeizungumza nyumbani kwake. Umbali wa kilomita 120 hivi kusini-mashariki, Lodwar nayo imezisikia nyimbo hizohizo katika matatu na mikahawa, kama Kenya nzima ilivyozisikia tangu Wakongo kama Baba Gaston na wanamuziki wa Super Mazembe na Les Mangelepa walipohamia Nairobi na kuifanya rumba kuwa ya hapa. Kwa hiyo mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo na mwenyeji wa Lodwar wanakaribia kuwa na hali moja mbele ya muziki huu. Wote wawili wanaupenda, na wote wawili hawaelewi maneno yake yote.

Tazama sasa jinsi tunavyoomboleza. Habari ya kifo ikifika, redio hucheza nyimbo mbili tatu ambazo kila mtu anazijua, madijei huchanganya vipande, picha hubandikwa kwenye simu, na baada ya wiki mambo yamekwisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa Madilu System mwaka 2007, kwa Tabu Ley mwaka 2013, kwa King Kester Emeneya mwaka 2014, na kwa Tshala Muana mwaka 2022. Matokeo yake ni mashabiki wanaojua kiitikio bila kumjua mwimbaji. Mwishoni mwa 2024 wimbo wa Kasongo wa Orchestra Super Mazembe ulivuma upya nchini kama kejeli ya kisiasa, ukaimbwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa bendi hiyo ilipovunjika. Mzaha ule haukuwa na ubaya wowote, lakini nafasi iliyotokea ilipotea bure. Nchi nzima ilikuwa na wimbo mmoja mdomoni, na ni vituo vichache vya redio vilivyochukua hata dakika tano kueleza ni akina nani waliourekodi, walitoka wapi, na waliishije hapa Kenya.

Ukimfuata Papa Wemba kwa utaratibu, picha inabadilika. Alizaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, katika eneo la Sankuru, akakulia Kinshasa. Mama yake alikuwa mwanamke wa kuitwa misibani kuomboleza kwa malipo, na mtoto alimfuata katika mikesha hiyo akajifunza kupandisha sauti na kuivunja mahali panapouma. Akaimba kanisani. Kisha ujana ukamtia muziki wa Marekani masikioni, naye akajiita Jules Presley kwa kumwigiza Elvis. Alipojiunga na bendi ya Zaïko Langa Langa iliyoanzishwa Desemba 1969, vijana wale waliacha tarumbeta na saksafoni zilizokuwa uti wa mgongo wa TPOK Jazz ya Franco na Afrisa ya Tabu Ley, wakayapa magitaa na drams kazi yote, na sebene, sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikawa ndefu na kali. Watu waliomwita baadaye mfalme wa rumba-rock hawakutia chumvi. Lakini anayeanza na rekodi za mwisho hawezi kusikia jambo la maana zaidi, kwamba chini ya magitaa yale ya umeme kuna sauti ya mama anayelia matangani. Lazima aanze na wimbo kama Pauline, ndipo apande nao mwaka baada ya mwaka.

Akipanda, atakuta mtu asiyetulia. Mwishoni mwa 1974 alitoka Zaïko kwenda kuunda Isifi Lokole, baadaye Yoka Lokole, na mwaka 1977 akaanzisha Viva la Musica katika mtaa wa Matonge, akiingiza lokole, ngoma ya gogo ya mababu, katikati ya magitaa. Bendi hiyo ikawa chuo alichopitia Kester Emeneya na wengine wengi. Mwaka 1987 aliigiza katika filamu ya La Vie est belle ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy, akiwa mwanamuziki wa kijijini anayeingia Kinshasa kutafuta riziki. Kisha ikaja njia ya Ulaya: rekodi katika kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, ziara naye mwaka 1993, na albamu ya Emotion ya mwaka 1995, ambamo aliuimba upya wimbo wa Otis Redding. Wapo waliolalamika kwamba ameuza rumba kwa wazungu. Anayezisikiliza rekodi za miaka hiyo sambamba atapata jibu lake, kwa maana wakati huohuo aliendelea kuwarekodia Wakinshasa muziki wao wa kucheza usiku kucha, na sauti ya pande zote mbili ni ileile. Uamuzi wa namna hiyo hautokani na tetesi. Unatokana na kusikiliza.

Najua yatakayosemwa dhidi ya hoja hii, na la kwanza lina uzito. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa sana Kakuma kwa kukosekana kwa fedha za wafadhili, watu wakaandamana. Na ukame wa Turkana hauhitaji kuelezwa. Je, ni wakati wa kuzungumzia mpangilio wa santuri za Mkongo aliyekufa? Jibu langu ni kwamba hakuna gunia la mahindi litakaloongezeka kwa watu kuacha kusikiliza muziki, na muziki tayari unasikilizwa, penye njaa na pasipo njaa. Swali ni kama utasikilizwa kwa akili au kwa mazoea. Tena, mkimbizi amechoshwa na kuhesabiwa kama mdomo wa kulishwa. Kumjua kama mtu mwenye ujuzi wa jambo fulani, anayeweza kumweleza jirani yake Mturkana au Msomali tofauti ya Zaïko na Viva la Musica, ni kumrudishia nafasi ambayo kadi ya mgao haimpi. Mama yake Papa Wemba alilipwa kwa kilio chake kwa sababu jamii yake, nayo ikiwa maskini, ilijua kwamba kuomboleza vizuri ni kazi inayohitaji fundi.

La pili ni zito zaidi kwa mji kama Kakuma. Mwaka 2003 Papa Wemba alikamatwa Ufaransa, akakaa rumande, na mwaka 2004 mahakama ya huko ikamtia hatiani kwa kusaidia watu kuingia nchini humo kinyume cha sheria kwa kisingizio kwamba ni wanamuziki wake. Kambini kuna watu wanaojua gharama ya njia za magendo, kwa fedha na kwa maisha ya ndugu zao. Kwa nini basi wamlilie? Jibu la haraka ni kusema muziki ni muziki, na mambo ya mahakamani ni mengine. Silikubali. Mtu anayeisikiliza kazi yote hukutana na maisha yote, na kesi ile ni sehemu ya maisha hayo, tena inahusiana na muziki wenyewe. Ilitokana na bendi zilizoishi kati ya Kinshasa na Paris, ambapo nafasi katika orodha ya wanamuziki ilikuwa na thamani kuliko gitaa. Nyimbo tatu za redio ndizo zinazomfanya mtu malaika. Mkusanyiko mzima unamrudisha kuwa binadamu, mwenye kipaji na mwenye kosa, na Kakuma ina watu wa kutosha wanaoweza kulizungumza kosa hilo kwa ufahamu kuliko mwanahabari yeyote wa Paris.

La tatu litatoka Lodwar. Mcheza kwao hutunzwa, watasema. Kwa nini tumhifadhi Mkongo aliyehifadhiwa tayari na makampuni ya Ulaya, wakati nyimbo za Waturkana zinapotea? Lawama hiyo ni ya haki, na mimi naiona kuwa ni nguvu ya hoja yangu. Mzee wa Kiturkana huwa na wimbo wa fahali wake, alioutunga mwenyewe, unaotaja rangi ya mnyama, pembe zake na safari walizopitia pamoja. Ngoma yao ya edonga huchezwa kwa sauti za watu, makofi na vishindo vya miguu, na kila kizazi huongeza maneno yake. Papa Wemba alipokufa aliacha rekodi nyingi ambazo mtu anaweza kuzirudia. Mzee yule akifa leo, mara nyingi wimbo wake unazikwa naye. Lakini ustadi unaohitajika ni uleule: kuuliza nani katunga, mwaka gani, wapi, kwa tukio gani, na kuandika jibu. Kijana anayejizoeza kuuliza hivyo kuhusu Viva la Musica hatashindwa kumuuliza babu yake. Asiyeuliza kabisa atawapoteza wote wawili.

Na wapo watakaosema kila kitu kiko mtandaoni. Kiko kingi, kweli. Hata hivyo bando hugharimu fedha, na anayetafuta jina la Papa Wemba huletewa kwanza kile ambacho kimekwisha kutazamwa na wengi, yaani nyimbo zilezile tatu na video ileile ya Abidjan. Rekodi za miaka ya 1970, zilizotoka kama santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, mara nyingi hupandishwa bila mwaka, bila majina ya wapiga gitaa, na wakati mwingine kwa jina la bendi isiyokuwa yake. Zikihamishwa kutoka simu moja kwenda nyingine kwa kadi ya kumbukumbu, hubaki na jina kama "Lingala ya zamani 14". Mtandao ni ghala tu. Ghala lisilo na karani halimsaidii mtu kupata anachokitafuta, na karani huyo hawezi kuwa mwingine ila shabiki mwenyewe.

Yanayohitajika si mambo makubwa. Redio Akicha ya Lodwar na Ata Nayeche ya Kakuma zinaweza kutenga saa moja kwa wiki, zikicheza kazi ya mwanamuziki mmoja kwa mpangilio wa miaka, na kila wimbo utajwe kwa jina, bendi, mtunzi na mwaka. Mkongo anayejua Kilingala akae studioni aeleze maneno, na mwenyeji wa Turkana amuulize maswali ambayo wasikilizaji wanayo. Tangu Desemba 2021 rumba ya Kongo imo katika orodha ya UNESCO ya turathi za binadamu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni upuuzi wa vilabuni. Wiki inayofuata saa hiyohiyo iwe ya mwimbaji wa fahali kutoka Kibish au Lokichar. Nalo tamasha la Tobong'u Lore, linalowakutanisha Lodwar Waturkana na jirani zao Wakaramojong, Watoposa na Wanyangatom, liwe na meza ya kurekodi waimbaji na kuandika majina yao, badala ya kuwaacha wapande jukwaani, wapigiwe makofi na kurudi nyumbani bila kumbukumbu yoyote.

Serikali ya kaunti isingojewe kwa haya yote. Shabiki mwenye simu na daftari anaweza kuanza leo: achague mwanamuziki mmoja aliyemlilia, atafute rekodi yake ya kwanza, aandike tarehe na majina, kisha aende kwenye ya pili. Akikwama kwenye maneno, amuulize jirani. Wanamuziki wa rumba waliobaki ni wazee, na habari za misiba zitaendelea kuja. Zikija, tusiwafanye marehemu hao kuwa viitikio vya wiki moja. Tuwasikilize mpaka mwisho wa kazi yao, kwa sababu aliyeishi kwa kuimba hana haki nyingine anayoweza kutudai.