Washauri wa Kukodiwa na Dhamana ya Serikali

Mto Rusizi, unapotoka katika Ziwa Kivu na kuteremka kuelekea Ziwa Tanganyika, huzitenga nchi na papo hapo huziunganisha. Kituo cha umeme cha Rusizi I kilijengwa katika miaka ya 1950. Kile cha Rusizi II kilianza kazi mwaka 1989 chini ya kampuni ya SINELAC, iliyoundwa na Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule. Mradi wa Rusizi III nao umepangwa kuzalisha megawati 206 kwa manufaa ya nchi hizo tatu. Askari anayelinda kingo za mto huu huona maji, nguzo na nyaya. Lakini kabla nguzo haijasimikwa hutangulia karatasi: hesabu za gharama, mikataba ya kuuziana umeme, mipango ya uendeshaji. Na karatasi za namna hiyo, katika nchi nyingi duniani, mara nyingi haziandikwi na watumishi wa serikali, bali na makampuni ya ushauri yaliyokodiwa kwa fedha za umma.

Tunalizungumza jambo hili mbele ya askari wetu wa jeshi na wa polisi kwa sababu ulinzi wa taifa hauishii mpakani. Anayepanga namna idara ya serikali itakavyofanya kazi ameshika sehemu ya nguvu za dola, hata kama hana bunduki wala cheo.

Je, makampuni hayo hupatikanaje? Nchini Rwanda ununuzi wa umma husimamiwa na mamlaka iliyoanzishwa kuchukua nafasi ya Bodi ya Taifa ya Zabuni. Tangu mwaka 2017 zabuni za serikali hupitia mtambo wa Umucyo, neno lenye maana ya mwanga. Wilaya ya Rusizi, iliyozaliwa katika mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, nayo ni mnunuzi kama zilivyo wizara.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Idara huandika hadidu za rejea, yaani inataka kazi gani, kwa muda gani, na matokeo yake yapimwe vipi. Kisha hutangaza ili makampuni yenye nia yajitokeze. Hupimwa uzoefu, wataalamu na uwezo wa fedha wa kila moja, na yanayofaa huingizwa katika orodha fupi. Hayo tu ndiyo hualikwa kuleta mapendekezo, nayo huletwa katika sehemu mbili: ya kitaalamu na ya bei. Ya kitaalamu hufunguliwa kwanza. Asiyefikia alama zinazotakiwa, bei yake haifunguliwi. Baada ya hapo ndipo ubora na bei hupimwa pamoja, na mshindi huitwa kujadili mkataba.

Askari huelewa maana ya orodha hiyo kuliko raia wengi. Kijana aliyepimwa afya na kukubaliwa chuoni hajapewa cheo. Aliyefaulu shabaha hajapewa amri ya kufyatua. Vivyo hivyo, kampuni iliyoorodheshwa imefunguliwa lango tu. Kazi bado haijapewa. Hatari huanza pale orodha inapogeuzwa kuwa kinga. Afisa husema, "Kampuni hii imekwisha kuthibitishwa," kana kwamba uthibitisho wa jana unamwondolea wajibu wa kupima kazi ya leo. Hatari nyingine ni hadidu za rejea zinazoandikwa kwa kumtazama mtu mmoja, hata wengine wakashindwa kabla ya kuanza.

Historia ya kanda yetu ina funzo. Mwaka 1972 Tanzania ilianza mpango wa Madaraka Mikoani, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey. Halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na usimamizi wa maendeleo ukawekwa mikononi mwa watendaji wa mikoa na wilaya. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikafufua serikali za mitaa kwa jumla. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba kuzifuta kulikuwa kosa. Hatudai kwamba washauri walidanganya. Uamuzi ulikuwa wa Serikali yenyewe, na Mwalimu hakumtupia mwingine lawama. Lakini washauri walikuwa wamekwisha kwenda zao, na waliobaki na matokeo ni wananchi.

Afrika Kusini imetoa funzo chungu zaidi. Mwaka 2015 idara yake ya kodi iliipa kampuni ya Bain kazi ya kuupanga upya muundo wake. Tume ya Jaji Robert Nugent, iliyotoa taarifa ya mwisho Desemba 2018, ilionyesha kwamba wakuu wa kampuni hiyo walikuwa wakikutana na mkuu wa idara kabla hata hajateuliwa, na kwamba mabadiliko yale yaliidhoofisha idara iliyokuwa ikisifiwa. Mwaka 2022 Uingereza iliizuia Bain kupata kazi za serikali yake kwa miaka mitatu, na Hazina ya Afrika Kusini ikaizuia kwa miaka kumi. Idara muhimu ilipoteza nguvu bila risasi hata moja kulia.

Je, tuseme basi washauri wasikodiwe? La hasha. Mradi unaohusu nchi tatu, kama Rusizi III, unahitaji wahandisi, wanasheria na wajuzi wa fedha ambao wilaya au wizara moja haiwezi kuwaweka kazini daima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mshauri apewe kazi yenye mwanzo na mwisho. Afanye kazi bega kwa bega na watumishi wetu ili ujuzi ubaki. Asilipwe kwa wingi wa kurasa bali kwa kazi iliyokaguliwa. Na idara inayomkodi iwe na angalau mtu mmoja anayeweza kuisoma taarifa yake na kusema, "Hapa umekosea."

Kwenu askari, wajibu ni wa wazi. Mshauri akifika kambini au kituoni, aonyeshe mkataba wake na mipaka ya kazi yake kabla ya kufunguliwa jalada lolote. Siri asiyoihitaji kwa kazi hiyo asipewe, hata akiwa na barua nzuri. Na mwenye jukumu la kutia saini asitie kwa sababu kampuni ina jina kubwa, bali kwa sababu ameisoma kazi na kuridhika. Akili ya kuambiwa changanya na yako. Ushauri waweza kununuliwa. Dhamana haiuzwi, wala haikodishwi.