Mizani ya Mafuta: Madai Matano Yasiyosimama

Mizani za kioo zinazotaja asilimia ya mafuta mwilini zimeingia majumbani, na maneno mengi yameingia nazo. Haya matano husikika sana, na kila moja lina kasoro yake.

"Mizani inapima mafuta." Haipimi. Vile vibati vya chuma unavyokanyaga hupitisha umeme hafifu, kwa kawaida chini ya miliampia 1, kutoka unyayo mmoja hadi wa pili. Misuli, kwa kuwa imejaa maji, huupitisha kwa urahisi, mafuta huuzuia. Mizani hupima ukinzani huo, huuchanganya na uzito, urefu, umri na jinsia, kisha hukadiria. Ukiingiza urefu usio wako, kila jibu litapotoka. Tena umeme huo hupita zaidi miguuni na nyongani, kwa hiyo kitambi hakiguswi sana.

"Saa yoyote ni sawa." Chukua mtu wa kilo 70 mwenye mafuta asilimia 25, yaani kilo 17.5. Akinywa lita moja ya maji na kupanda papo hapo, anakuwa na kilo 71, lakini maji yangali tumboni na umeme wa miguuni haujayaona. Mizani ikiyahesabu yote kuwa mafuta, itasoma asilimia 26. Mazoezi au kuoga maji ya moto huweza kuleta kinyume: ngozi ikipata joto, ukinzani hushuka na mafuta yanaonekana yamepungua. Pima asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai.

"Jana 28, leo 26: mafuta yamekatika." Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kilokalori 7,700 hivi, na hazichomeki kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni maji, au nyayo zilikuwa kavu zenye magaga, au mizani imetolewa kwenye vigae ikawekwa juu ya zulia. Iweke pale pale kwenye sakafu ngumu, panda pekupeku, andika namba kila siku, kisha linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita.

"Yangu na ya jirani hazilingani, basi moja ni mbovu." Si lazima. Kila mtengenezaji ana kanuni yake ya kukokotoa, iliyotokana na vipimo vya watu fulani, na huenda watu hao hawafanani nawe kwa umbo. Shika mizani moja, usirukeruke.

"Kama ni hivyo, haina faida." Hapo pia si kweli. Kosa linalojirudia kwa namna ile ile kila asubuhi haliwezi kuficha kama unapanda au unashuka baada ya miezi miwili. Ongeza futi ya fundi cherehani: Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya maradhi huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini asiipande mizani hii kabisa, na mjamzito asiutegemee usomaji wake. Wengine itumieni, ila msiamue lolote kwa namba ya siku moja.