Kompyuta Ifundishwe Midundo Yetu

Wako wanaodhani kwamba muziki wa kompyuta ni kubonyeza vitufe na kungoja midundo iliyokwisha kupangwa ng'ambo. Fikra hiyo inapotosha, na walimu hawana budi kuikosoa.

Zipo programu ambazo mtumiaji hujitengenezea chombo chake mwenyewe. Huchora visanduku kwenye kioo cha kompyuta, kila kimoja na kazi yake, kisha huviunganisha kwa nyaya za kuchorwa. Max, iliyoanzishwa na Mmarekani Miller Puckette katika taasisi ya IRCAM mjini Paris miaka ya 1980, ni ya namna hiyo. Mwaka 1996 bwana huyo alitoa Pure Data, ambayo hupatikana bila malipo.

Mchoro humwonyesha mwanafunzi njia ya sauti, lakini una kikomo. Tuchukue bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma. Mwanafunzi wa Chato akitaka ngoma moja ipige mara tatu wakati nyingine inapiga mara mbili, na mpangilio ubadilike kila mzunguko wa nne, atajikuta katika utando wa nyaya usiosomeka. Hapo ndipo inapohitajika skripti, yaani maagizo mafupi ya maandishi yanayowekwa ndani ya kisanduku kimoja: hesabu, rudia, ikiwa hivi fanya vile. Max ilipokea JavaScript mwaka 2004. Pure Data, ikiongezewa kiambatisho, hutumia Lua, lugha iliyobuniwa mwaka 1993 huko Brazil, nchi ya Ulimwengu wa Tatu kama yetu.

Hata hivyo, skripti isibebeshwe kila mzigo. Sauti ya kawaida huhesabiwa mara 44,100 kwa sekunde. Kazi hiyo ifanywe na visanduku, nayo maandishi yaamue lini na vipi ngoma ilie.

Jambo hili si mchezo. Kijana aliyezoea midundo ya kununua ataipindisha ngoma ya babu yake mpaka ilingane na mashine, naye atadhani ameiendeleza. Ndugu walimu, inafaa mwalimu wa hesabu na mwalimu wa muziki washirikiane, na mzee mpiga ngoma aalikwe darasani. Yeye ndiye atakayesema kama mashine imepatia au imekosea. Ikikosea, irekebishwe mashine, si ngoma.