Juma moja kila mwaka: kununua ao kuacha?

Labda una mtoto Bruxelles ao Lille, na amekuandikia: «Baba, wanatuuzia juma moja kila mwaka katika nyumba ya konji, Hispania, kando ya bahari. Tununue?» Usifurahi mbio.

Shimo la zahabu la Kamituga unalijua: mwenye sehemu analisha wachimbaji hata miezi ambayo mawe hayatoi kitu. Ni vile vile na juma hili. Bei ya kununua ni mlango tu. Franga za kutunza nyumba zinadaiwa kila mwaka, wasafiri ao wasisafiri, na mara nyingi zinapanda. Na kuuza tena? Wengi wanakosa mnunuzi.

Basi uliza: konji yao wanaipitisha wapi kweli? Kama kila akiba inakwenda kwa tikiti ya ndege, waje Bukavu watoto waone koko wao, juma la Hispania litakaa bure. Na kilio hakingoji juma lako, wewe unajua.

Kama wamekwisha kutia mukono, wasihangaike. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inawapa siku 14 za kuvunja mapatano bila kutoa sababu, na muuzaji hana ruhusa kuomba malipo siku hizo. Wanaweza kudai mapatano yaandikwe kwa Kifaransa. Lakini kuvunja kwa simu hakutoshi: waandike barua, wachunge kopi yake. Siku za Jumapili nazo zinahesabiwa.