ACHA HIZO STAA: DAR INA BICHI, WEWE NDIYE UMESAHAU NJIA YA COCO

Mjini kuna mjadala umewashika watu kweli kweli. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti picha yuko Zanzibar, maji ya bluu kama yamechorwa, halafu chini kaandika kwamba Dar hakuna bichi, kuna sehemu za kulia mihogo tu. Basi bana! Timu mbili zikaanza kurushiana maneno. Timu ya kwanza inasema kaongea ukweli, Coco ni vurugu tupu. Timu ya pili inasema ni hela za juzi tu hizo, zinamsumbua.

Kinachochekesha ni kimoja. Video ya kwanza ya huyo huyo msanii, ile iliyomtoa, ilishutiwa Coco Beach. Ipo mtandaoni hadi leo. Mawe yale yanaonekana, wimbi linamlowesha suruali, na watoto wawili wanachungulia kwa nyuma. Alienda pale kwa sababu hakuwa na hela ya lokesheni. Hakukuta geti, hakukuta kiingilio, wala mlinzi wa kumuuliza anamtafuta nani. Coco ilimbeba bure. Leo kapata, anaitukana.

Zanzibar ni nzuri, hakuna anayebisha. Ila kusema Dar haina bichi ni uongo wa mchana kweupe.

Anza na Coco yenyewe. Jumapili jioni watu wanashuka kutoka Gongo la Mboto, Kimara, Temeke, kila kona. Muhogo wa kukaanga na kachumbari na pilipili, mishkaki, madafu, watoto wanakodi matairi ya kuelea, wapenzi wamekaa kwenye mawe wanaangalia maji. Una nauli ya daladala na hela ya muhogo? Umemaliza. Na tangu daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, kutoka mjini kwenda pale ni kufumba na kufumbua kama hakuna foleni.

Tatizo la wengi ni kwamba wanaenda bila kujua maji. Bahari ina ratiba yake. Maji yakipwa, Coco inatoa miamba na majani ya baharini, unaona kama bichi imekufa. Rudi baada ya saa sita, maji yamejaa hadi kwenye kingo na mawimbi yanapiga. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ndiyo bamvua, maji yanakupwa mbali sana na kujaa sana. Mvuvi yeyote atakwambia hayo bila hata kuangalia simu. Mtu anakuja saa mbaya, anapiga picha ya matope, anaondoka kasema bichi mbaya. Bichi imekosa nini hapo?

Unataka mchanga mweupe na maji ya bluu? Vuka kwenda visiwani. Bongoyo unapandia boti Msasani, Mbudya unapandia upande wa Kunduchi. Vyote viwili viko ndani ya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam tangu mwaka 1975, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini. Unalipa boti, unalipa ada ya hifadhi, unakaa chini ya kibanda cha makuti, samaki anachomwa unamuona. Piga picha pale asubuhi bahari ikiwa imetulia, andika chini "Zenji", uone kama kuna atakayebisha. Na inasemekana wapo mastaa wameshafanya hivyo, tena zaidi ya mara moja. Wanajijua.

Halafu kuna Kigamboni. Pantoni pale Feri inakuvusha kwa dakika chache, au unazunguka Kurasini na daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Kuanzia Mjimwema kwenda mbele hadi Kimbiji huko, mchanga ni mrefu na watu wachache. Ila sehemu nyingi zilizotengenezwa ni za mahoteli. Wikiendi unalipa getini, pengine hela hiyo inakatwa kwenye kinywaji, na chakula cha kutoka nyumbani mara nyingi hakiruhusiwi. Kwa mtu na mpenzi wake sawa. Kwa mama mwenye watoto wanne na sufuria la pilau, hiyo bichi haipo.

Na hapo ndipo kauli ya huyu staa inapoacha kuwa utani.

Mjini hapa mtu anaweza kuishi Mbezi Beach, siyo ile Mbezi ya Kimara, Mbezi Beach yenyewe, na wiki nzima asiione bahari. Anaisikia usiku ikivuma. Akitaka kuigusa anakutana na ukuta, ukuta, hoteli, ukuta, geti, mbwa. Njia za kushukia majini ni za kutafuta kama duka la dawa usiku wa manane. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tembea mwenyewe pembeni ya maji siku maji yamejaa, uhesabu kuta zinazolowa. Jibu utakuwa nalo.

Coco yenyewe imeshawahi kuponea chupuchupu. Kulikuwa na mpango wa kumpa mwekezaji, watu wakapiga kelele, mvutano ukaenda miaka, mwisho wa siku serikali ikasema eneo libaki la wananchi. Liliponaje? Kwa sababu watu walikuwa wanalitumia na walikuwa wanalipenda. Eneo ambalo wenye sauti wanaliita takataka, siku likizungushiwa mabati nani atashtuka? Mashabiki waliofundishwa kwamba Coco ni ushamba watasema afadhali, wajenge kitu cha maana. Halafu kile kitu cha maana kitakuwa na geti, na getini kutakuwa na bei.

Sasa, timu ya kwanza nayo isikilizwe, siyo kila kitu walichosema ni chuki. Uchafu upo. Chupa za plastiki zipo, vyoo ni vya kuuliza na ukivipata unajuta. Kuna vibaka wa simu. Wadada wanasumbuliwa, mtu kavaa nguo ya kuogelea baharini, sehemu ambayo ndiyo ya kuivaa, anazungukwa na wanaume kama kaja kufanya shoo. Wakati wa masika mto Msimbazi unamwaga tope na taka baharini, maji yanageuka chai ya rangi. Sikukuu nazo zina misiba yake, watoto wanazama kwa sababu hakuna wa kuwaangalia. Yote hayo ni kweli.

Lakini nyumba ikiwa chafu dawa yake ni fagio, siyo kuhama halafu kuwacheka waliobaki. Huyu staa akiposti viatu, maduka yanauza viatu hivyo jioni hiyo hiyo. Je, angeposti choo cha Coco kilivyo? Angeposti kwamba wadada waachwe waogelee kwa amani? Angesema pawekwe waokoaji Idi na Krismasi? Wahusika wangeamka usiku kumjibu. Nguvu hiyo anayo, kaitumia kucheka wala mihogo, ambao ndio hao hao walimpa vyu za kwanza.

Na kuna kijana mwingine sasa hivi, yuko Mbagala au Buza huko, ana wimbo mkali na simu ya kuazima ya kushutia video. Hana hela ya hoteli ya Kigamboni wala boti ya Zanzibar. Anachohitaji ni bahari isiyo na mlinzi. Coco ikiondoka, huyo ataenda wapi?

Kwa hiyo Jumapili hii angalia maji yanajaa saa ngapi, panda gari lako au daladala, nenda Coco. Beba mfuko wa taka zako urudi nao. Piga picha, na lokesheni andika ya kweli.

Haya wadau, nyie mko timu gani? Na ni bichi ipi ya Dar ambayo watu hawaijui na bado haina geti? Dondosheni hapo chini kabla hawajaijengea ukuta.